Kaimu wa Mtu: Maana ya Mawe ya Wainuit na Michongo Yao

Mfasiri atafutaye neno la Kiswahili la kutaja yale mawe yaliyopangwa na Wainuit katika nchi za baridi za kaskazini ya Amerika, neno la kwanza litakalomjia ulimini ni "sanamu", na si ajabu akaliandika bila kusita. Walakini neno hilo lafaa nusu tu ya jambo lenyewe. Wainuit wana mawe yaliyo sanamu, na wana mawe yasiyo sanamu hata kidogo, na lugha yao imeyatenga makundi hayo mawili kwa viambishi viwili ambavyo havichanganyiki. Katika makala hii nataka kuieleza tofauti hiyo, kwanza kwa njia ya maneno, kisha kwa njia ya kazi na desturi, na baadaye niiguse michongo midogo ya pembe na mawe ambayo imewapatia watu hao sifa duniani. Shauri hili haliwahusu watunga kamusi peke yao. Wazee wa Kiinuit wamelazimika kuitetea tofauti hiyo hadharani, na katika kuitetea wameambiwa na wageni maana ya neno la lugha yao wenyewe.

Tuanze na jina la watu. Wainuit ni wenyeji wa pwani na nyika zisizo miti kuanzia Alaska, kupitia kaskazini ya Kanada, hata Grinlandi. Zamani vitabu viliwaita Waeskimo, jina walilopewa na wengine, na wengi wa Kanada na Grinlandi hawalitaki tena. Wao hujiita kwa neno lenye maana ya "watu" tu: mtu mmoja ni inuk, wawili ni inuuk, watatu na kuendelea ni inuit. Hesabu ya uwili, iliyo hai katika Kiarabu na isiyokuwamo katika Kiswahili, kwao ni jambo la kila siku. Asemaye lugha ya Kibantu hatashangaa kuona taifa likijiita "watu", maana jina Bantu lenyewe, walilolichagua wataalamu wa karne ya 19, halina maana nyingine. Hapa pana kichekesho kidogo cha sarufi. Tusemapo "Wainuit" tumetia wingi mara mbili, wa- mbele na -it nyuma. Kadhalika lugha ya mashariki ya Kanada huitwa Inuktitut, na kiambishi -titut maana yake ni "kwa namna ya", sawasawa na ki- yetu tusemapo "kula kizungu" au "kusema Kiswahili"; hivyo mwenye kutamka "Kiinuktitut" amesema "namna" mara mbili. Lakini lugha zote huazima hivyo, na mimi nitayatumia maneno hayo bila kuona haya. Maneno ya asili nitayaandika kwa tahajia yao pale ninapoyachambua. Kwingineko nitasema inuksuki na inunguaki, katika ngeli ya "i-zi".

Neno inuksuk, ambalo wingi wake ni inuksuit, limejengwa juu ya shina inuk, yaani mtu, likaongezwa kiambishi tamati ambacho wajuzi wa lugha hiyo hukifasiri kuwa "kishikacho nafasi ya" au "kifanyacho kazi badala ya". Matamshi hubadilika kwa lahaja. Watu wa Grinlandi husema inussuk; lahaja kadha za katikati, ambamo s hugeuka h, husema inukhuk; na tahajia ya inukshuk, iliyoenea sana katika vitabu vya Kiingereza, ni ya wageni. Ipo pia tahajia ya zamani ya Kidenmaki, inugsuk, nayo imepata makao katika elimu ya kale: mwaka wa 1929 Therkel Mathiassen alichimba mahali pa jina hilo karibu na Upernavik, pwani ya magharibi ya Grinlandi, na wanaakiolojia wakauita utamaduni wa Wainuit wa zama hizo utamaduni wa Inugsuk.

Kiswahili kina neno linalolingana na maana hii kwa namna ya kustaajabisha, nalo ni "kaimu". Kaimu ni mtu ashikaye nafasi ya mwingine akafanya kazi yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya kwanza ya shina hilo ni kusimama: kaimu ni asimamaye mahali pa mwenzake. Angalia sasa jinsi neno hilo livyokaa. Kaimu mkuu wa chuo hatakiwi kufanana uso na mkuu aliyesafiri. Atakiwa kutia saini na kutoa amri, nayo amri yake ifuatwe. Vivyo hivyo inuksuki haitakiwi kufanana na mtu. Yaweza kuwa jiwe moja refu lililosimamishwa wima, au mawe matatu yaliyobebana, au rundo la duara, au dirisha la mawe manne. Yatakiwa kusimama mahali ambapo mtu angesimama, na kufanya lile ambalo mtu angelifanya kama angaliweza kukaa pale usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, pasipo kula wala kupatwa na baridi.

Ili kufahamu kwa nini kazi hiyo ilihitajiwa, yafaa kuikumbuka nchi yenyewe. Sehemu kubwa ya nchi za Aktiki haina mti hata mmoja. Kwa miezi mingi ardhi na bahari huvikwa theluji na barafu, mpaka usiweze kujua pwani inapokoma. Macho hayapati kitu cha kushika. Katika weupe huo jiwe jeusi lililosimama juu ya kilima laonekana toka mbali sana, na msafiri ajuaye mpango wa mawe ya nchi yake hulisoma: hapa ndipo pa kuvuka, huku kuna ziwa lenye samaki, kule chini ya mawe pamefichwa nyama, barafu ya hapa si ya kuaminiwa. Norman Hallendy, Mkanada aliyefuatana kwa miaka mingi na wazee wa kusini-magharibi ya Kisiwa cha Baffin na kuchapisha kitabu chake juu ya mawe haya mwaka wa 2000, aliandika majina mengi waliyompa, na majina hayo yaonyesha kwamba inuksuki ni jina la jumla tu, lenye aina nyingi chini yake.

Mojawapo ya majina hayo lastahili kusimamishwa na kutazamwa, nalo ni nalunaikkutaq. Mzizi wake ni nalu-, maana yake kutojua. Mwenye Kiswahili ataona jambo geni hapo hapo, kwani sisi hatuna mzizi wa kutojua. Tuna kujua, kisha twakanusha. Kiinuktitut chaanza na kutojua kana kwamba ndiyo hali ya asili, kisha huongeza kiambishi cha kuondoa, kikapatikana kitendo cha "kuiondoa hali ya kutojua", kisha huongeza kiambishi cha chombo. Nalunaikkutaq basi ni chombo cha kuondolea kutojua. Sisi twafika pale pale kwa njia nyingine: tambua, tambulisha, kitambulisho. Jingine ni aulaqqut, kutokana na aula-, kusogea au kwenda. Hiyo ni inuksuki ya kuwatia wanyama mbio. Na pirujaqarvik ni mahali penye akiba ya nyama, ambapo -vik ya mwisho ni kiambishi cha mahali, kama -ni yetu ya "nyumbani".

Kazi iliyo tajiri kuliko zote kwa mtu wa lugha ni ile ya kuwinda tuktu. Tuktu ni mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye pembe za matawi, atembeaye kwa makundi makubwa akihama kwa majira. Nyama yake ilikuwa chakula, na ngozi yake ilikuwa nguo, wala hapakuwa na nguo bora ya kipupwe kuliko hiyo. Kabla ya bunduki kuenea, mwindaji mwenye upinde alihitaji kumkaribia sana, jambo gumu katika nchi isiyo na mahali pa kujificha. Kwa hiyo watu walijenga safu mbili za inuksuki, zikiwa mbali mbali mwanzoni na kukaribiana mwishoni, mfano wa faneli. Mawe hayo hayakuwa marefu. Juu yake ziliwekwa bonge za udongo wenye nyasi, ili zionekane kama kichwa chenye nywele na zitikisike kwa upepo. Kati ya jiwe na jiwe walisimama wanawake na watoto waliopiga kelele, pengine wakiiga mlio wa mbwa mwitu, kama Knud Rasmussen alivyoelezwa na Wanattilik katika safari yake ya miaka ya 1921 hadi 1924. Tuktu waliona mstari wa watu kulia na mstari wa watu kushoto, wakakimbia katikati, na mwisho wa njia walikuwapo wapiga upinde nyuma ya kuta ndogo za mawe, au mto na mivuko yake, ambamo wanaume walingoja katika mitumbwi ya ngozi wakiwa na mikuki.

Tazama sasa: ishara moja ina wasomaji wawili, na maana zake ni mbili zilizo kinyume. Kwa tuktu, inuksuki ni mtu. Amdanganyika, na udanganyifu huo ndio kazi yake. Kwa mwindaji, inuksuki si mtu bali ni neno lililoachwa na mtu, na haifai kitu asipolisoma kwa usahihi. Sijui ishara nyingine katika vitabu vya elimu ya lugha inayomwambia mnyama uwongo na kumwambia binadamu ukweli kwa umbo lile lile. Tulio watoto wa wakulima twakumbuka mavazi makuukuu yaliyotundikwa kwenye mti shambani ili kuwatisha ndege. Hayo nayo ni kaimu wa mtu. Lakini yale hayamwambii mpita njia kitu.

Kusini-magharibi ya Baffin, katika rasi ya Foxe, pana mahali paitwapo Inuksugalait, yaani penye inuksuki nyingi. Zimesimama pale zaidi ya 100 kwenye ncha moja ya ardhi, na serikali ya Kanada ilipatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka wa 1969. Nyingi za kule zina umri ambao hakuna mzee awezaye kuutaja. Masimulizi ya Wainuit huzihusisha inuksuki za kale na Watuniit, watu wenye nguvu nyingi waliokuwapo kabla yao, ambao ndio walioitayarisha nchi ikaweza kukalika. Wanaakiolojia huwaunganisha Watuniit na utamaduni wa Dorset, ambao Diamond Jenness aliutambua mwaka wa 1925 kwa kutazama vitu vilivyochimbwa. Watu wake waliishi kaskazini ya Kanada tangu kama miaka 500 kabla ya Kristo, na walitoweka baada ya mababu wa Wainuit wa leo kuja toka Alaska. Desturi yakataza kuibomoa inuksuki. Sababu moja ni ya kazi, kwani abomoaye jiwe la njia aweza kumwua asiyemjua. Nyingine ni ya heshima: jiwe lile liliinuliwa na mikono ya mtu fulani, na wajukuu wa mtu huyo bado humkumbuka wanapolipita. Ziko nyingine zilizojengwa kwa ukumbusho tu, na nyingine ambazo watu walikaribia kwa adabu kama mahali pa nguvu. Asemaye kwamba inuksuki zote ni "alama za njia" amekosea kwa kupunguza, kama vile amekosea kwa kuzidisha yule asemaye zote ni "miungu ya mawe".

Sasa tugeukie inunnguaq. Shina ni lile lile, inuk, lakini kiambishi ni kingine: -nnguaq, "mfano wa", "kitu cha kuigiza". Nanuq ni dubu mweupe. Nanunnguaq ni dubu wa kuchonga. Tuktu ni mnyama. Tuktunnguaq ni mnyama wa kuchezea mtoto. Kwa hiyo inunnguaq ni mtu wa bandia, na twaweza kumwita mwanasesere pasipo kukosea sana. Mawe yaliyopangwa yakapata miguu miwili, kiwiliwili, mikono iliyonyoshwa na kichwa, hayo ndiyo inunguaki, na hayo ndiyo ambayo macho ya ulimwengu huyaita inuksuki. Tofauti ni ya namna ya kuashiria. Inunguaki huonyesha mtu kwa kufanana naye. Inuksuki hufanya kazi ya mtu bila kufanana naye. Zile za kuwindia zenye bonge la nyasi kichwani husimama mpakani, nakubali, lakini hata hizo zilifananishwa kwa ajili ya jicho la tuktu, wala haikukusudiwa kwamba binadamu azitazame na kuzisifu.

Hapa msomaji apendaye viambishi atafurahi kuambiwa kwamba Grinlandi kiambishi hicho kimegeuka maana. Kule -nnguaq imekuwa ya udogo na mapenzi, na Inunnguaq ni jina la mtu, jina zuri la mwanamume, lenye maana kama "kijitu changu kipenzi". Njia iliyopitwa na maana hiyo si ngeni kwetu. Kitu cha mfano aghalabu ni kidogo kuliko chenyewe, na kilicho kidogo hupendwa. Ki- yetu nayo hutumika kwa kitoto kipendwacho na kwa kijitu kidharauliwacho.

Kwa njia ya kiambishi hicho hicho twafika kwenye michongo. Jina la Kiinuktitut la mchongo ni sananguaq, kutokana na sana-, kutengeneza au kufanya kazi, pamoja na -nnguaq: kutengeneza mfano wa kitu. Najua msomaji wa Kiswahili amekwisha kuruka kitini. Sana- kwao, na sanaa kwetu! Lakini sanaa yetu imetoka Uarabuni, katika mzizi wa herufi tatu wenye maana ya kutengeneza, na hapana njia yoyote ijulikanayo ya kuunganisha mzizi huo na lugha za Aktiki. Ni bahati ya sauti, kama bahati nyingine zilizowapoteza wengi waliotaka kuthibitisha undugu wa lugha kwa orodha ya maneno kumi. Naitaja ili isitajwe na mwingine kama ushahidi.

Michongo ya kale ilikuwa midogo. Watu wa Dorset walichonga pembe za walrasi, yule mnyama wa bahari wa jamii ya sili mwenye meno marefu, wakatoa dubu weupe, ndege, vinyago vya uso na sura nyingi za watu. Baadhi ya dubu wao wamechorwa mistari ya mifupa juu ya ngozi, na wamenyoshwa kana kwamba wanaogelea au wanaruka. Wataalamu wengi huona humo kazi ya waganga. Mababu wa Wainuit nao walichonga hirizi za kushonwa katika nguo, vitu vya kuchezea, na mapambo ya vyombo. Edmund Carpenter, mwanaanthropolojia aliyekaa na Waaivilik katika miaka ya 1950, aliona jambo ambalo watazamaji wa majumba ya makumbusho hulipita: michongo mingi ya zamani haiwezi kusimama mezani. Haina kitako. Ukiiweka huanguka ubavu, kwa sababu ilitengenezwa kwa kushikwa na kugeuzwa mkononi, au kuning'inizwa, na haina upande wa mbele wala wa nyuma. Tena alishikilia kwamba hapakuwa na neno la "sanaa" kwa maana ya Kizungu, na kwamba mchonga pembe huiuliza pembe kwanza ni nani aliyejificha ndani yake, kisha humfungulia mlango atoke. Kauli hii ya pili imerudiwa mno na wauzaji, mpaka imekuwa kama tangazo la biashara. Wachongaji wengi wa baadaye walisema wazi kwamba walichonga ili wanunue mafuta na risasi. Sioni kwamba hayo mawili yapingana.

Biashara yenyewe ilianza zamani, maana wavuvi wa nyangumi wa karne ya 19 walinunua pembe zilizochongwa. Lakini mabadiliko makubwa yalikuja mwaka wa 1948, pale James Houston, mchoraji kijana wa Kanada, alipofika Inukjuak, pwani ya mashariki ya ghuba ya Hudson, akarudi na michongo michache. Mwezi wa Novemba 1949 Chama cha Kazi za Mikono cha Kanada kiliiuza michongo aliyoikusanya mwaka ule mjini Montreal, nayo ikamalizika kwa siku tatu. Serikali iliona njia ya kuwapatia watu fedha wakati bei ya manyoya ilipokuwa imeanguka. Mwaka wa 1951 kikatolewa kijitabu cha kuwaonyesha wachongaji mifano ya vitu viwezavyo kupata wanunuzi. Pembe haikutosha, na soko lilitaka vitu vikubwa. Basi kazi ikahamia kwenye jiwe, hasa jiwe la sabuni, la namna ile ichimbwayo Tabaka katika nchi ya Kisii, na serpentini iliyo ngumu zaidi. Mchongo ukapata kitako. Ukapata upande wa mbele. Twaweza kusema kwamba sananguaq ilijifunza kusimama mezani katika muda wa miaka kumi hivi.

Ikapata pia alama ya mtengenezaji, na hapa pana habari ya uchungu. Wainuit hawakuwa na majina ya ukoo. Mtoto alipewa jina la aliyekufa, na jina hilo lilileta udugu na heshima zake. Makarani walishindwa kuyaandika majina hayo, na tangu mwaka wa 1941 kila mtu alipewa kisahani chenye namba, herufi E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi. Michongo mingi ya miaka ya 1950 na 1960 imetiwa saini ya namba hizo chini ya kitako. Baina ya 1969 na 1971 Abe Okpik, Mwinuit mwenyewe, alizunguka vijiji akiandikisha majina ya ukoo, na namba zikaachwa hatua kwa hatua. Leo mtu akitaka kujua nani alichonga dubu fulani, hana budi kutafuta jina la mtu katika orodha ya namba. Kwa upande mwingine, mwaka wa 1958 serikali ilianzisha lebo yenye picha ya nyumba ya theluji ili kuwalinda wachongaji na bidhaa za kuiga zilizotengenezwa viwandani. Tangu mwaka wa 2017 lebo hiyo yasimamiwa na shirika la Wainuit wenyewe la sanaa.

Je, michongo hii ina maana gani? Swali hili huulizwa kama kwamba kila mchongo ni fumbo lenye jibu moja. Dubu wachezao ngoma kwa mguu mmoja wa Pauta Saila, aliyefariki mwaka wa 2009, hawahitaji fumbo: dubu huinuka hivyo, na mwindaji aliyemtazama kwa hofu na heshima hulijua jambo hilo mwilini. John Tiktak wa Rankin Inlet, aliyeishi 1916 hadi 1981, alichonga mama na mtoto katika jiwe gumu la kijivu, akaacha matundu na mikunjo michache tu, na humo mna habari ya nchi ambamo mtoto asiyebebwa hufa. Kinyume chake, Karoo Ashevak wa Taloyoak, aliyekufa kijana mwaka wa 1974, alitoa katika mifupa ya nyangumi waganga na pepo wenye macho yasiyolingana, na kazi zake hazieleweki vema bila hadithi. Ndivyo ilivyo kwa yule mwanamke wa baharini, nusu mtu na nusu samaki, ambaye baba yake alimtupa chomboni na kumkata vidole, vidole vikawa sili na wanyama wengine wa bahari. Mswahili angemfikiria nguva. Wanattilik humwita Nuliajuk, na kwingineko ana majina mengine. Lakini kwa kuwa Franz Boas aliandika mwaka wa 1888 jina la Sedna, alilolisikia Baffin, karibu kila duka duniani humwita hivyo, hata mchongaji awe wa wapi. Lebo imeshinda lahaja.

Jambo kama hilo limezipata inuksuki. Nchi ya Nunavut, ambayo jina lake maana yake "nchi yetu", ilipoundwa tarehe 1 Aprili 1999, iliweka inuksuki nyekundu katikati ya bendera yake. Kiolezo hicho kilichaguliwa na wenyewe, wala hapana wa kuwalaumu. Lakini huko Vancouver, Alvin Kanak wa Rankin Inlet alikuwa amejenga mwaka wa 1986, kwa ajili ya maonyesho ya ulimwengu, umbo kubwa la mawe lenye miguu na mikono, na umbo hilo ndilo lililozaa nembo ya michezo ya Olimpiki ya kipupwe ya 2010. Nembo ilipewa jina la Ilanaaq, rafiki, ikatangazwa mwaka wa 2005 kuwa ni inuksuki, na ilikuwa na kichwa, mikono miwili na tabasamu. Peter Irniq, aliyekuwa kamishna wa Nunavut na ambaye mwenyewe ni mjenzi wa inuksuki, alisema kwamba za kwao hazijengwi kwa umbo la mtu. Wengine walijibu kwamba watu wa kusini wamezoea, na kwamba neno ni la wote. Wakati huo huo wapiga kambi walikuwa wakipanga vijimawe kando ya njia za mbuga za Ontario, na wasimamizi wa mbuga ya Killarney wakalazimika mwaka wa 2007 kuwasihi waache, kwa sababu watembeaji walikuwa wakizifuata na kupotea.

Mtaalamu wa lugha hana haki ya kuwakataza watu wasibadili maana ya maneno. Maana hubadilika, na Grinlandi tumeona -nnguaq ikihama toka mfano hadi mapenzi, pasipo mtu kudhurika. Lakini kule wahamaji walikuwa wenye lugha. Hapa neno limehamishwa na wasioisema, kisha limerudishwa kwa wenyewe katika shule na maduka likiwa na maana mpya, wakati ambapo wazee wajuao kusoma mawe ya nchi yao wanapungua mwaka hata mwaka. Mtoto akifundishwa kwamba inuksuki ni mtu wa mawe mwenye mikono, atalipita jiwe moja la wima juu ya kilima asione kitu, na jiwe lile huenda lilikuwa likimwambia kwamba barafu ya mbele ni nyembamba.

Kwa upande wetu kazi ni ndogo, lakini ni yetu. Iwapo neno litaingia katika kamusi ya Kiswahili, mimi ningeandika hivi: "inuksuki (i-/zi-): jiwe au mawe yaliyosimamishwa na Wainuit yawe kaimu wa mtu katika kuonyesha njia, akiba au hatari, kuswaga tuktu, au kukumbusha." Kisha, katika mstari wake peke yake: "inunguaki (i-/zi-): sanamu ya mtu iliyopangwa kwa mawe."